Partition: sheria ya shamba ilipokata nchi

Mwanafunzi wa historia wa sekondari hapa kwetu hukutana na neno partition likiwa limeambatana na scramble: mabeberu waling'ang'ania Afrika, kisha wakagawana. Analikariri, anavuka mtihani, basi. Lakini Waingereza walilitumia neno hilo kwenye mashamba karne nyingi kabla ya kulipeleka kwenye mabara, na huko mashambani lina masharti yake. Ukiyajua, unaweza kuikagua kazi ya kugawa nchi hatua kwa hatua bila kuishia kulaani tu.

Matumizi yake mepesi hayatupotezei muda. Ofisini, partition ni kizigeu cha mbao au kioo. Kwa fundi wa kompyuta ni sehemu ya diski: katika mpangilio wa zamani uitwao MBR, jedwali dogo mwanzoni mwa diski lina nafasi 4 tu za kuandika kila sehemu kuu inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Kote huko jengo linabaki moja, diski inabaki moja, na mwenyewe ni mmoja. Hakuna anayegombana na nusu ya diski yake.

Uzito wa neno uko mahakamani. Ndugu watatu wamerithi shamba. Kila mmoja ana hisa, ila hakuna anayeweza kunyoosha kidole na kusema huu ndio upande wangu. Partition ni kazi ya kugeuza hisa hizo kuwa vipande. Sheria za Uingereza za 1539 na 1540, enzi za Henry VIII, zilimpa mmiliki mwenza haki ya kuwalazimisha wenzake wagawane. Ile ya 1868 iliongeza jambo la busara: kama kukata shamba kutaliharibu, mahakama inaweza kuagiza liuzwe na fedha zigawanywe. India ilipata ya kwake mwaka 1893. Kenya inayo mpaka leo, katika kifungu cha 94 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, na kifungu kinachofuata kinaruhusu mauzo pale ardhi isipogawika. Mpangilio ni uleule: wenye mali wanajulikana, hisa zinajulikana, mpima anaingia shambani, vigingi vinasimikwa, ndipo hati mpya zinapotolewa. Mpima makini atauliza pia maji yanatoka wapi.

Karne ya 20 ilipoanza, neno lilikwishapanda ngazi. Curzon, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza huko India, aligawa jimbo la Bengal mwaka 1905 kwa hoja kwamba lilikuwa kubwa mno kuendeshwa. Watu waliona siasa ndani yake wakakataa, na mwaka 1911 uamuzi ukatenguliwa. Ireland ikafuata kwa sheria ya 1920, na Palestina ikapendekezewa dawa hiyohiyo na tume ya Peel mwaka 1937. Kila mara neno lilikuja na harufu ya mahakama: kana kwamba wenye mali wameomba na mpima amekwishapita.

Sasa tuitazame India ya 1947, ambako karatasi zipo na kazi inaweza kufuatiliwa.

Serikali ya London ilikuwa imetangaza kwamba ingeondoka kabla ya mwezi Juni 1948 kupita. Tarehe 3 Juni 1947 mwakilishi wa mfalme, Mountbatten, alitangaza mpango wa kuigawa kuwa India na Pakistan, na kesho yake akawaambia waandishi wa habari kwamba madaraka yangekabidhiwa karibu na 15 Agosti. Mkataji mwenyewe, Cyril Radcliffe, wakili wa London ambaye hakuwahi kukanyaga India, alifika 8 Julai. Akabaki na wiki tano hivi.

Alikuwa mwenyekiti wa tume mbili kwa wakati mmoja, za majimbo mawili ya kukatwa, Punjab na Bengal. Kila tume ilikuwa na majaji wanne, wawili Waislamu na wawili wasio Waislamu. Aliyepanga hivyo alidhani anatenda haki. Alichokitengeneza ni tume isiyoweza kupiga kura ikapata mshindi. Majaji hawakuafikiana, na uamuzi ukawa wa mtu mmoja. Kwa kuwa tume zote mbili zilikuwa zikikaa siku zilezile, Radcliffe hakuhudhuria vikao vya wazi vya Punjab. Alisoma kumbukumbu zake. Hadidu za rejea zilimtaka atenganishe maeneo yanayopakana yenye Waislamu wengi na yale yenye wasio Waislamu wengi, na azingatie pia mambo mengine. Mambo gani hayo? Hayakutajwa. Takwimu alizokuwa nazo ni za sensa ya 1941.

Hati yake ya Punjab inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa sheria. Kiambatisho A kinaeleza mstari kwa maneno, Kiambatisho B ni ramani, na imeandikwa wazi kwamba vikipingana, maneno ndiyo yanayoshinda. Pale mpaka unapofuatana na mito ya Ujh, Ravi na Sutlej, anasisitiza kuwa mpaka ni mstari wa kiutawala wa wilaya au tehsil, yaani kama tarafa kwetu, wala si mkondo wa maji wenyewe. Mito ya Punjab huhama. Kwa uandishi wa kisheria, hiyo ni kazi safi ya mtu anayejua mahali kesi zinapozaliwa. Lakini mkulima aliyesimama ukingoni anauona mto. Mpaka wa tarafa hauoni.

Wenyeji wa huko huita mkasa huo batwara, neno walitumialo hata ndugu wanapogawana nyumba ya marehemu baba yao, au taqsim kwa Kiurdu, lenye mzizi mmoja na kasimu yetu. Wao walitarajia batwara ya kweli. Na kuna sehemu waliipata: fedha na vifaa vya serikali viligawanywa chini ya watumishi wawili wa serikali, H. M. Patel kwa upande wa India na Chaudhri Muhammad Ali kwa Pakistan, wakafikia asilimia 82.5 kwa 17.5. Hata hapo, rupia milioni 550 kati ya 750 za Pakistan zilizuiwa na India kwa sababu ya vita vya nchi hizo mbili huko Kashmir, zikaachiwa Januari 1948 Gandhi alipofunga kula.

Maji yalikuwa hadithi nyingine. Milango ya mifereji ya Madhopur na Ferozepur ilibaki India, wakati mashamba mengi yaliyonyweshwa nayo yakawa Pakistan. Radcliffe aliliona tatizo, akaandika kwa matumaini kwamba pande mbili zingeelewana. Tarehe 1 Aprili 1948 Punjab ya India ilifunga maji. Mkataba wa mto Indus ulisainiwa 1960, Benki ya Dunia ikiwa msuluhishi. Mpima wa shamba la ekari tano asingethubutu kuacha swali hilo lijibiwe na matumaini.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuwa la tarehe. Hati ilikuwa tayari 12 Agosti, ila ilitangazwa 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru wa India. Huko Murshidabad watu walipandisha bendera ya Pakistan, kumbe wako India. Khulna wakapandisha ya India, kumbe wako Pakistan. Wenye mali walikabidhiwa hati kabla ya kuonyeshwa vigingi. Zaidi ya watu milioni 10 walihama, na makadirio ya waliouawa huanzia laki mbili hadi milioni mbili.

Kwa kipimo cha sheria ya shamba, kazi ile haikuwa partition. Wenye hisa hawakuulizwa mmojammoja, mpima hakuingia shambani, na kifungu cha kuuza badala ya kukata hakiwezi kutumika kwa nchi. Na mkato wenyewe haukukamilika: upande wa Cooch Behar, milki ya mtawala wa kienyeji ambayo haikuwa mikononi mwa Radcliffe, palibaki vipande vya ardhi vya nchi moja vilivyozungukwa na nchi nyingine. Vilikuwa 162. India na Bangladesh, iliyokuwa Pakistan Mashariki, zilibadilishana vipande hivyo usiku wa 31 Julai 2015.