Boxer Mbili na Nduthi Nyekundu ya Claudio

Watu wakiulizana ni pikipiki gani inafaa safari ndefu ya barabara mbovu, mjadala huenda vilevile kila mara. Mmoja anataja nguvu za injini. Mwingine anataja ukubwa wa tangi, urefu wa shoki, kompyuta ya kuzuia tairi isiteleze. Halafu anatokea mtu wa kusema, "Lakini Ewan na Charley walitumia BMW," na kila mtu ananyamaza kana kwamba Mahakama ya Juu imesoma hukumu. Nimeitazama Long Way Round yote mara tatu sasa. Hiyo hukumu haimo. Kilichomo ni karibu kinyume chake, na wenye kipindi ndio waliotuonyesha kwa kamera zao wenyewe.

Kwa ambaye hajaiona: mwaka 2004 Ewan McGregor na rafiki yake Charley Boorman, waigizaji wote wawili, walitoka London wakashika njia ya mashariki. Ulaya, Ukraine, Urusi, Kazakhstan, Mongolia, Siberia, kisha ndege hadi Alaska, kisha barabara tena hadi New York. Zaidi ya kilomita 30,000, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Walikuwa na magari ya msaada ambayo mara nyingi hatuyaoni. Na walikuwa na mtu wa tatu kwenye pikipiki, ambaye naye mara nyingi hatumwoni kwa sababu ndiye aliyeshika kamera: Claudio von Planta, Mswisi.

Mwanzoni kabisa kuna sehemu ya kulinganisha pikipiki. Charley alitaka KTM 950, nduthi nyembamba, nyepesi kuliko BMW. Ewan alikuwa upande wa BMW. Wanazijaribu, wanabishana, KTM inaelekea kushinda. Kisha kampuni ya KTM inajitoa, ikihofia kwamba hawa jamaa hawatafika. Charley anaumia kweli kweli, utadhani ameachwa na mchumba. BMW inakubali kutoa R1150GS Adventure, na safari inaanza. Kwa hiyo ile sentensi inayonyamazisha kila mjadala, "walitumia BMW", maana yake ni kwamba kampuni moja ilikataa na nyingine ikakubali. Matope hayakuulizwa.

Matope yaliulizwa Mongolia, na hapo ndipo penye ukosoaji wa kweli wa pikipiki katika kipindi chote.

GS ya wakati ule ilipita kilo 250 kabla hujaweka masanduku, hema, kamera na maji ya kunywa. Kwenye lami uzito huo unakutuliza. Kwenye kinamasi ni kama kuendesha ng'ombe mgonjwa. Wanaanguka, wanainuana, wanaanguka. Inafika mahali Ewan anataka waache hiyo njia wakate kaskazini warudi Urusi. Halafu fremu ya pikipiki ya Claudio inavunjika. Inachomelewa, lakini matatizo hayaishi, na mwishowe inapandishwa lori kupelekwa Ulaanbaatar.

Claudio ananunuliwa nduthi nyingine palepale: Izh Planeta 5, nyekundu, ya Kirusi, kutoka Izhevsk, mji uleule unaotengeneza bunduki za Kalashnikov. (Von Planta juu ya Planeta. Ningeandika hivyo kwenye hadithi, mhariri angenifutia.) Injini ya silinda moja, cc 346, ya kuchanganya oili na petroli, yenye nguvu za farasi 22 hivi. BMW ilikuwa na 85. Haina kompyuta hata moja. Uzito wake ni kama kilo 160, maana yake ikianguka mtu mmoja anaiinua, anapangusa mikono, anaondoka.

Na anaondoka kweli. Mahali ambapo nduthi za wakubwa zinazama, ile nyekundu inapita.

Kipindi hakijui kifanye nini na jambo hili. Kinalichukulia kama kichekesho: tazama Claudio na kapikipiki kake! Hakuna anayekaa chini kuuliza, sasa zile nguvu zote 85 zilikuwa za kazi gani? Nikimwangalia mtu kama Charley, anayejua pikipiki kuliko wengi wetu, naamini alijua jibu. Lakini jibu hilo lingeshtaki mkataba mzima wa safari.

Jibu la haraka ni "uzito", na wapenzi wa nduthi ndogo huishia hapo. Mimi sidhani linatosha. Izh ilikuwa ya mahali pale. Ilikuwa pikipiki ambayo watu wa huko walikuwa nayo, wakiijua kama mtu anavyojua jembe lake. Ikikataa kuwaka, yeyote anayepita na spana anaweza kuwa fundi. BMW ya Claudio ilipovunjika, hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Na hizi orodha za kulinganisha pikipiki, hata zile nzuri, hupima mashine kana kwamba barabara haina watu. Utasoma nafasi kati ya tumbo la injini na ardhi kwa milimita, lakini hutasoma kuna mafundi wangapi kati ya mji na mji.

Hili mimi sikulisoma popote. Baada ya kuacha chuo niliendesha Boxer ya binamu yangu miezi kadhaa. Boxer yetu, Bajaj, cc 150, nguvu za farasi 12 hivi. Nashangaa bado kwamba injini ya BMW ya akina Ewan nayo huitwa boxer. Ile Boxer ilibeba magunia, kitanda, mama na watoto wawili. Iliharibika kila aina ya kuharibika, na sikumbuki siku niliyoisukuma zaidi ya kilomita mbili kabla ya kupata kijana mwenye kisanduku cha spana chini ya mti. "Boss, hii ni plagi tu." Yule kijana alikuwa sehemu ya pikipiki kama vile cheni.

Mwaka 2007 wakaja kwetu. Long Way Down ilianzia Scotland ikaishia Cape Town, safari hii kwa R1200GS Adventure, na Kenya waliingilia Moyale. Barabara ya Moyale hadi Isiolo wakati ule haikuwa na lami. Ilikuwa kilomita mia tano za mawe na mikunjo kama bati, na wasafiri wa nje waliijua kwa kuua shoki. Wenyeji waliijua kwa sababu nyingine: ndiyo ilikuwa njia. Walipita juu ya malori ya ng'ombe, wameshikilia vyuma, siku mbili au zaidi, kwenda hospitali, kwenda shule ya bweni. Hapo ndipo neno "adventure" ambalo BMW imeliandika ubavuni linanikwama kooni. Kwa safari ileile, mmoja anapewa pikipiki ya bure na mwingine anadaiwa nauli.

Tusionee BMW. Kutoka Alaska hadi New York, siku baada ya siku za barabara kuu, sioni ni nani angechagua Izh. Mgongo una haki zake.

Ndiyo maana kati ya zote mimi naipenda zaidi Long Way Up, ambayo mashabiki wengi waliilalamikia. Mwaka 2019 walipanda Harley-Davidson LiveWire, za stima, kutoka Ushuaia kusini kabisa mwa Argentina hadi Los Angeles. Baridi inakula betri. Wanabisha hodi kwa watu, wanaomba soketi. Magari ya msaada ya Rivian nayo ni ya stima, na vituo vya kuchajia vikawekwa njiani kwa ajili ya safari. Watu walisema inachosha, wanachaji tu. Lakini kwa mara ya kwanza kipindi hiki kilikubali kuonyesha kwamba pikipiki haitembei peke yake. Na ukitaka kuona jambo hilo likifanywa vizuri zaidi, simama kando ya kituo cha bodaboda za stima Nairobi: dereva anafika, anatoa betri iliyokwisha, anaweka iliyojaa, anaenda. Kumaliza chai huwezi.

Mwaka 2025 ikatoka Long Way Home, safari ya kuzunguka Ulaya. Ewan yuko kwenye Moto Guzzi Eldorado ya 1974, Charley kwenye BMW R75/5 ya 1973. Nduthi za kabureta, za kufunguliwa kwa spana kando ya barabara. Claudio angewaambia hivyo tangu Mongolia.