Ungo na Tezi

Shangazi yangu wa Lipangalala hapepeti mchele mbele ya wageni, anasema wanamharakisha. Ukimvizia uani asubuhi, anaurusha ungo mara mbili, anausukasuka kidogo, chenga zinajitenga pembeni kana kwamba zimeitwa kwa jina. Pumba upepo umeshachukua. Chuya anazitoa kwa kucha, moja moja. Mchele wenyewe haugusi.

Nilimkumbuka niliposoma jinsi seli za kinga ziitwazo dendriti zinavyotengwa kutoka tezi ya thaimasi. Tezi hiyo hukaa kifuani, mbele ya moyo. Utotoni ni kubwa, ukubwani hunywea na kugeuka mafuta. Ndiyo maana watafiti huipata kwa wapasuaji wa mioyo ya watoto, ambao huikata kipande ili waufikie moyo. Kipande hicho, ambacho kingetupwa, hukatwakatwa kwa mkasi, hulowekwa kwenye kimeng'enya cha kulegeza nyuzi, huchujwa. Mchuzi wake humiminwa taratibu, ukiteleza ukutani mwa mrija, juu ya kimiminika kizito zaidi, kisha mashine huuzungusha. Seli nzito huzama. Nyepesi, dendriti zikiwemo, hubaki juu kama ukungu wa Kilombero alfajiri. Hapo ni mkono na pipeti tu. Mkono ukitetemeka, ukungu umevurugika.

Na bado ni mseto, maana katika thaimasi dendriti hazifiki hata 1 kati ya 100. Basi hutiwa kingamwili zilizobeba chembe za chuma. Hizo hung'ang'ania seli zisizotakiwa, na sumaku huzizuia zote. Dendriti hupita bila kuguswa. Mwishoni hupakwa rangi na kupita mbele ya leza moja moja: zenye alama ya CD11c huku, za CD123 kule.

Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza mwaka 1973, kutoka wengu wa panya, wakazipa jina la Kigiriki la mti kwa ajili ya matawi yake. Kinachonichekesha ni kwamba nazo hupepeta. Humo ndani ya thaimasi huzionyesha seli T changa vipande vya mwili wenyewe, na inayovikamia mno huuawa. Anayezitenga, basi, anampepeta mpepetaji.

Ifakara kazi ya namna hii si ngeni. Maabara ya Waswisi ilifunguliwa hapa 1957, na katika Taasisi ya Afya iliyotokana nayo vijana hutenga anofelesi na kyuleksi kwa vikoleo, mbu mmoja mmoja.

Jioni moja nilimsimulia shangazi yote haya. Alisikiliza hadi mwisho, ungo mapajani.

“Na hizo zinazotupwa, baba, kuku hawazili?”