Neno "Bure" katika Elimu ya Tana River

Kauli "elimu ya bure" imetangazwa Kenya kwa kishindo mara mbili: mwaka 1974, ada ilipofutwa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, na mwaka 2003, ilipofutwa katika shule zote za msingi za serikali. Walioihakiki kauli hiyo aghalabu wamehesabu fedha, neno lenyewe wakaliacha. Nalo lina pande mbili. Kitu cha bure hakitozwi malipo. Kazi ya bure haina faida. Msemaji wa jukwaani hukusudia maana ya kwanza. Huko Garsen maana ya pili haikukawia kujitokeza.

Mara ya kwanza jambo lilikuwa wazi: ada ilitoka, michango ya ujenzi ikaingia mahali pake. Mara ya pili yafaa itazamwe kwa makini zaidi, maana kasoro yake imejificha ndani ya usawa. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, awe Nyeri au Garsen. Lakini Waraka wa Serikali Na. 10 wa 1965 ulikuwa umekwisha kuzielekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zenye ardhi njema, mvua, njia za usafiri na umeme. Fungu sawa, basi, liliwafikia watu ambao kwa miaka karibu 40 hawakutendewa sawa.

Mto Tana nao haufuati mihula. Ulipofurika mwaka 1997, na tena 2018, Wapokomo wa kandokando walihama na watoto wao, mashamba yakabaki majini, na pamoja nayo karo ya sekondari. Waorma huenda bara na mifugo wakati wa mvua, hurejea kwenye delta wakati wa kiangazi. Kalenda ya shule haikutungwa kwa kuujua mwendo huo. (Husemwa kwamba wafugaji hawathamini elimu. Ni kauli nyepesi, tena haimgharimu msemaji kitu.) Hatimaye mtihani wa darasa la nane, uliodumu tangu 1985 hadi 2023, uliwauliza wote maswali yale yale, ukamwita mmoja hodari na mwingine mzito.

Mzazi wa Garsen akisema mwanawe "amesoma bure", sarufi pekee haiwezi kuamua amekusudia maana ipi.