Chanjo si Dawa: Istilahi za Kideri cha Kuku

Mara nyingi twaisikia chanjo ya kuku ikiitwa "dawa ya kideri". Tamko hili lapotosha. Dawa hupewa mgonjwa. Chanjo hupewa mzima. Tena chanjo ya I-2, ambayo kuku hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, yenyewe ni virusi hai vya kideri, ila vya aina isiyomletea kuku ugonjwa, na huweza kupita kutoka kuku mmoja hadi mwingine. Mfasiri aandikapo "dawa ya kuua virusi" amekosea mara mbili. (Kwamba chanjo yatokana na kuchanja, na hapa hakuna wembe, hakutusumbui.)

Kosa kubwa zaidi limo katika neno "kinga". Kuku aliyechanjwa hukingwa asiugue. Si lazima akingwe asiambukizwe. Aweza kupata virusi vikali na kuvitoa katika kinyesi, naye aonekana mzima. Mfugaji wa Tabora aliyeambiwa kuku wake "wamekingwa kideri" atawatia tengani bila wasiwasi, wasafirishwe kwa njia ya misafara ya kale, kuelekea Ujiji au pwani, na wasiochanjwa huko waendako ndio watakaokufa.

Twapendekeza "kinga ya ugonjwa" itengwe na "kinga ya maambukizo", na "kirusi cha chanjo" kisichanganywe na "kirusi kikali". Ama kuhusu kideri na mdondo, majina yote mawili yaeleweka, yaachwe.