Kumwachia Mungu: Uhakiki wa Lugha ya Hojaji za Kiroho kwa Watu Wanaoishi na Saratani

Mtaalamu wa lugha anapoitwa kupitia hojaji ya wagonjwa wa saratani, kwa kawaida huitwa mwishoni, maswali yakiwa yamekwisha kuchapwa. Hutarajiwa kusahihisha tahajia na upatanisho wa kisarufi, kisha aage. Makala haya yanahakiki sehemu moja ya hojaji hizo, yaani sehemu ya kiroho. Hoja yangu ni kwamba kasoro yake kubwa haitokani na neno moja moja lililokosewa. Inatokana na kuipima imani ya mgonjwa kwa migawanyo ambayo Kiswahili hakiigawi hivyo, na matokeo ya kipimo hicho huingia katika faili lake.

Sehemu hiyo ina historia yake. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi ni ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Fasili ya tiba shufaa iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 nayo inaitaja hali ya kiroho. Tangu hapo ala za upimaji zimeenea. FACIT-Sp ina kauli 12 zinazohusu maana ya maisha, amani na imani. Ala ya Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye makao yake Kampala, ina maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza. Miongoni mwa yale saba, mawili yanahusu amani na thamani ya maisha. RCOPE ya Kenneth Pargament na wenzake hupima namna mtu anavyoitumia dini wakati wa shida.

Neno la kwanza linalokwamisha ni roho. Katika Kiswahili sanifu mtu huwa na roho nzuri au roho mbaya, huwa roho juu kwa wasiwasi, na mwishowe hukata roho. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, roho mara nyingi husimama mahali ambapo Mtanzania angesema moyo. Kwa hiyo, kumuuliza mtu mwenye saratani juu ya hali ya roho yake ni kumuuliza mambo matatu au manne kwa mpigo, na mojawapo ni kifo. Kivumishi "kiroho", kwa upande wake, kina harufu ya kanisani. Msikilizaji Mwislamu hukielewa, lakini hasikii kikimwita yeye. (Inashangaza kwamba neno shufaa lenyewe, tulilolipa tiba hii, maana yake ya asili ni maombezi.)

Neno amani lina nafuu zaidi. Utafiti wa Lucy Selman na wenzake nchini Afrika Kusini na Uganda ulionyesha kwamba wagonjwa huielewa amani kupitia imani, uhusiano wao na watu, na pia afya na huduma wanayopata. Hilo ni jambo la kuzingatiwa na washauri wa sera. Mgonjwa anayesema "sina amani" huenda hahitaji mchungaji wala shekhe. Huenda anahitaji mofini. Neno letu uchungu hubeba maumivu ya mwili na majonzi bila kuyatenganisha, na anayelisikia kwa sikio moja atampeleka mgonjwa mlango usio wake. Uganda, ambayo tangu mwaka 2004 imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, ina njia ya kulijibu jibu hilo. Kliniki isiyo na dawa hiyo hubaki na maombi peke yake, kisha huyaita huduma ya kiroho.

Kiini cha hoja yangu, hata hivyo, ni kitenzi kuachia. RCOPE hutenganisha anayefanya awezalo kisha akamkabidhi Mungu yaliyosalia na anayekaa akingoja Mungu atende yote. La kwanza huhesabiwa jema, la pili huangaliwa kwa shaka. Katika rasimu moja niliyopewa kuipitia, ya kliniki ambayo sitaitaja, hali hiyo ya pili ilikuwa imetafsiriwa "Namwachia Mungu". Katika majaribio ya kuisoma, mama mmoja aliyekuja kwa mzunguko wa nne wa tibakemia, nauli ikiwa imechangwa na wanawe, aliikubali kauli hiyo kwa alama ya juu kabisa. Nilimuuliza, "Mama, kumwachia Mungu ni kufanya nini?" Akanijibu, "Mwanangu, sindano nimechomwa, dawa nimemeza. Lililobaki si langu."

Jibu lake ni sahihi kisarufi kama lilivyo sahihi kiimani. Kuacha ni kutupa mkono. Kumwachia, kwa kauli ya kutendea, ni kumkabidhi mwingine kitu ulichokuwa nacho mkononi. Tawakali ya Waislamu nayo imejengwa juu ya jitihada inayotangulia. Lakini haingekuwa haki kudai kwamba kauli hiyo haina kivuli. Wapo wanaoitamka baada ya kuacha kliniki, kwa kukosa nauli au kwa kuahidiwa muujiza. Maneno ni yaleyale, na alama zitakuwa zilezile.

Hali hiyohiyo huonekana katika kauli ya kuadhibiwa na Mungu, ambayo huhesabiwa dalili mbaya. Wengi wetu huuita ugonjwa mtihani. Mfasiri anayeandika mtihani badala ya adhabu ili kulainisha anabadilisha kinachopimwa. Kuhusu "kukabiliana na ugonjwa" niseme tu kwamba ni lugha ya vita. Wagonjwa niliowasikia husema kustahimili, au kuishi nao.

Nilipendekeza swali la nyongeza: "Lipi umemwachia Mungu, na lipi unalifanya wewe?" Mistari miwili chini yake ingetosha kuandika maneno ya mgonjwa mwenyewe. Pendekezo lilikataliwa, kwa maelezo kwamba programu ya kuchakata data hupokea tarakimu tu.