Kuoa, Kuolewa, Kuoana: Fasili ya Ndoa Katika Sheria, Riwaya na Masimulizi ya Ufipa

Utangulizi

Katika makala haya ninakusudia kuchunguza neno moja tu, nalo ni "ndoa". Najua wapo watakaouliza: je, hiyo ni kazi ya mhakiki wa fasihi? Si kazi ya mawakili na mapadre hiyo? Jibu langu ni kwamba fasili nayo ni matini kama matini nyingine. Ina anayeisema, ina wahusika inaowatambua na wengine inaowafukuza, na ina hadhira yake. Sisi tunaofundishwa kuuliza "nani anasimulia, na kwa faida ya nani?" kila tunapofungua riwaya, hatuna sababu ya kulisahau swali hilo tunapofungua kitabu cha sheria.

Kinachonisukuma ni malalamiko ambayo kila mmoja wetu ameyasikia: ndoa inakufa, vijana hawaoi, watu wanakaa kinyumba tu. Husemwa bungeni, kanisani, msikitini na redioni. Kwetu Sumbawanga husemwa vile vile, tena kwa uzito wa pekee, maana Ufipa ni nchi ambayo Kanisa limekaa ndani ya familia tangu Wamisionari wa Afrika walipoingia Karema mwaka 1885. Hoja yangu ni fupi. Kabla hujatangaza msiba, sharti useme aliyekufa ni nani. Sheria yetu, riwaya zetu na masimulizi yetu hayakubaliani hata kidogo kuhusu ndoa ni kitu gani. Na mgongano huo si wa darasani tu. Ndio unaoamua nani atabaki na shamba la mahindi siku nyumba ikivunjika.

Fasili mbili ndani ya sheria moja

Tuanze na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hii ilitanguliwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969, ambao ulijadiliwa nchi nzima. Kabla yake Mtanzania alioa kwa mila, au kwa Uislamu, au kwa Ukristo, au kwa Uhindu, au bomani, na kila njia ilikuwa na kanuni zake. Serikali ilitaka paa moja juu ya vyumba vyote hivyo. Haikuwa kazi ndogo. Jirani zetu Wakenya waliunda tume yao mwaka 1967, lakini miswada ikawa inakwama mpaka sheria yao ilipopita mwaka 2014.

Kifungu cha 9 ndicho kinachofasili. Kwa maneno yangu: ndoa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Tazama maneno mawili yanayobeba fasili nzima: hiari na kusudio. Yote mawili yamo moyoni. Humo ndani hamna ng'ombe, hamna padre wala kadhi, hamna mashangazi, hamna cheti. Kifungu cha 41 kinaendelea na msimamo huo huo pale kinaposema kuwa ndoa haibatiliki ati kwa sababu mila za mahari hazikutimizwa, au kwa sababu haikusajiliwa. Kwa hiyo anayehesabu vyeti na kutangaza kwamba ndoa zimepungua anahesabu kitu ambacho sheria yenyewe imekataa kukifanya kiini.

Lakini ukienda mbele zaidi utakuta sauti nyingine. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowapa sifa ya kuwa mume na mke, basi itachukuliwa kuwa walioana kihalali, mpaka ithibitike vinginevyo. Hapa msimulizi amebadilika kabisa. Kifungu cha 9 kinasikiliza moyo, na cha 160 kinasikiliza majirani. Kile kinauliza "mlikusudia nini?" Hiki kinauliza "watu wanawaitaje?"

Wapo wanaokiona kifungu cha 160 kama kiraka. Mimi naona ni fasili ya pili, na ndiyo inayofanana na maisha ya wengi. Kwanza, fasili ya kwanza ina ufa. Neno "hiari" linasimama imara mpaka ufike kifungu cha 13, kilichoweka umri wa chini kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, huku kifungu cha 17 kikidai binti aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba, au ya mama kama baba hayupo. Ni hiari gani ya mtoto wa miaka 15 inayotoka kinywani mwa baba yake? Swali hili ndilo Rebeca Gyumi alilolipeleka Mahakama Kuu, iliyoamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo tarehe 23 Oktoba 2019. Kwa lugha yetu ya uhakiki, mahakama ilibaini kuwa matini inajipinga yenyewe.

Kitenzi ni cha nani?

Sasa tutoke mahakamani twende sokoni. Kiswahili chetu kina vitenzi vitatu kwa jambo hili: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na wote wawili wanaoana. Sheria ya 1971 imeandikwa kwa roho ya kitenzi cha tatu. Mtaani tunasema viwili vya kwanza. Mmoja anatenda na mwingine anatendwa.

Usidhani haya ni mambo ya sarufi tu. Mwenye kitenzi ndiye anayeweza kukikana. Watu wawili wamekaa pamoja miaka minane, wamejenga, wamezaa, wamelima ulezi na maharage. Miaka yote hiyo mwanamume anamtambulisha kwa wageni: "Huyu ni mke wangu." Siku ya ugomvi utamsikia: "Huyu sijamwoa bwana, nilimweka tu." Neno moja, na miaka minane imefutika. Mwanamke naye afanyeje? Yeye hana kitenzi cha kujibia. Akisema "tulioana", ataulizwa: alikutolea mahari? Mlitangazwa kanisani? Cheti kiko wapi? Anaulizwa maswali ambayo kifungu cha 41 kimeshayapunguzia uzito zamani, lakini waulizaji hawakijui kifungu cha 41, wanajua sarufi yao.

Ndiyo maana malalamiko ya "ndoa inakufa" yananitia mashaka. Mara nyingi anayelalamika haoni kwamba kwa kuwaita watu hawa "wasiooana" anamkabidhi mwanamume silaha. Anadhani anaitetea ndoa, kumbe anamtetea anayetaka kuikimbia.

Kigoda cha Milansi

Ufipa tuna masimulizi ambayo kila mzee anayajua kwa namna yake, ya jinsi utawala ulivyobadilika mikono kule Milansi. Mtafiti Roy Willis aliyasikiliza miaka ya 1960 na kuyaandikia makala mwaka 1967, akiyasoma kwa taswira ya kichwa na kiuno. Kwa ufupi, mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda. Nyuma wakaja wanawake wageni watatu. Mwanamke aliyebaki nyumbani akawapa kigoda cha utawala, mkubwa wao akakikalia, na nchi ikawa imeshapata wenyewe wapya. Mtawala aliporudi alikuta jambo limekwisha. Ikabidi kuelewana: yeye akabaki na Milansi yake na heshima ya utangulizi, na kutokana na wale wageni ikatokea koo iliyokuja kutawala Nkansi na Lyangalile.

Masimulizi haya husomwa kama historia ya dola, na ni sawa. Ila yasome tena ukiwa na swali letu. Haki inatoka wapi humu? Hakuna vita, hakuna cheti, wala hakuna aliyetawazwa kwa sherehe. Haki imetoka katika kukaa, na kukaa mbele ya macho. Taratibu zimekuja baadaye, kupatanisha kilichokwisha kuwapo. Na aliyekaa ni mwanamke, tena hakukalishwa, alikaa. Yaani alikamata kitenzi.

Kwa maoni yangu kifungu cha 160 kinafuata mantiki hiyo hiyo. Bunge ni kama yule mtawala aliyerudi kutoka mawindoni akakuta watu wamekwisha kaa. Lingeweza kuwafukuza kwa neno "hawajaoana". Badala yake liliweka masharti ya kuishi nao. Sisemi watunga sheria walimsikiliza mzee yeyote wa Milansi. Nasema wazo kwamba hadhi hupatikana kwa kuishi hadharani si geni uwandani kwetu, wala halikuletwa na uharibifu wa mji.

Rosa na macho ya watu

Lakini tusiyasifu mno macho ya majirani. Mwaka ule ule wa 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, riwaya iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni. Wahakiki wengi wameijadili kama riwaya ya malezi: Zakaria anamchunga binti yake kwa ukali, binti akitoka kwenye ukali huo anapotea. Mimi nataka tuisome bega kwa bega na sheria ya mwaka wake.

Sheria inasema hiari inatosha. Riwaya inaonesha hiari isiyotosha. Rosa anataka kuolewa na Charles, na Charles anataka kumwoa. Wote wana hiari, wote wana kusudio. Kinachowaangusha ni fasili ya tatu ambayo haimo katika kifungu chochote: kwamba bibi harusi ni lazima awe bikira. Charles anapojua kuwa Rosa si bikira, hiari yake inayeyuka, na Rosa anajiua. Hakuna anayemuuliza Charles habari za ujana wake. Ubikira unadaiwa kwa anayeolewa, haudaiwi kwa anayeoa. Tumerudi kwenye vitenzi vyetu.

Hapa ndipo ninapoiona nguvu ya Kezilahabi kuliko ya watunga sheria. Aliona kuwa jamii ina fasili yake ya ndoa isiyoandikwa, na kwamba hiyo ndiyo inayoua. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba ndoa inabaki kuwa mlango pekee wa wokovu wa Rosa hapa duniani. Mlango ukifungwa hamna njia, mpaka mwandishi aihamishie kesi mbele ya Mungu. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza kwa nini hukumu ya haki ilibidi ingoje mbinguni.

Pingamizi

Nitaambiwa: ukiwapa wanaokaa kinyumba jina la ndoa, utaishusha ndoa yenyewe. Hoja hii ni nzito na wenye kuisema si wajinga. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika uamuzi wake wa Januari 2023, ilikubali kuwa dhana ya ndoa ipo, lakini ikataka itumike kwa nadra, kwa kuwa wapo watu wazima wanaoishi pamoja bila kutaka ndoa hata kidogo. Kuwafunga watu kamba wasiyoitaka kungeua hiari ambayo kifungu cha 9 kinaitetea.

Nakubali. Ila kifungu cha 160 hakifungi kila waliolala chumba kimoja. Kinadai miaka miwili na sifa ya mume na mke, na kinaruhusu dhana hiyo ipinduliwe kwa ushahidi. Hata ikipinduliwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Tena kwa wale wanaosema wanalitetea Kanisa, nawakumbusha kuwa mafundisho ya Kikatoliki yanasema wanandoa wenyewe ndio wanaopeana sakramenti, na padre ni shahidi. Sharti la padre na mashahidi liliwekwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563, kwa sababu wanaume walikuwa wakioa kwa siri halafu wanakana! Kumbe hata ile sherehe tunayoililia ilianza kama dawa ya ugonjwa huu huu tunaouzungumzia.

Hitimisho

Mwaka 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Uamuzi ule ulibadilisha maana ya neno "kazi". Kilichobaki ni kubadilisha maana ya neno "kuoa", na hiyo si kazi ya majaji peke yao. Ni yetu sisi wa lugha.

Kwenye uwanda wa Ufipa mwanamke hulima. Hufukia majani kwenye matuta ili yaoze yawe mbolea, hupanda, hupalilia, huvuna. Tuta halina cheti, lakini kila apitaye anajua limepigwa na mikono ya nani. Mjadala wa sera ukianza tena, na utaanza, naomba wahakiki wenzangu msikilize vitenzi kabla ya kusikiliza takwimu. Anayesema "hawajaoana" aulizwe kwanza anazungumza kwa niaba ya nani: ya anayeondoka, au ya anayebaki na watoto?