Dibaji na Utangulizi: Mpaka Unaopuuzwa

Wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili huyatumia maneno dibaji na utangulizi kana kwamba ni pacha. Wachapishaji nao huelekea kumwachia mtu mwingine dibaji, na mwandishi mwenyewe utangulizi, ingawa desturi hiyo huvunjwa mara kwa mara. Katika vitabu vya kawaida hasara yake ni ndogo. Katika tenzi ni kubwa.

Dibaji ni neno la Kiarabu ambalo kwa asili hutaja kitambaa cha hariri chenye nakshi, na nakshi hiyo imefumwa pamoja na nguo. Ndivyo zilivyo beti za mwanzo wa utenzi, ambamo mtunzi humtaja Mola na kumsalia Mtume: zina vina na mizani ile ile ya beti zinazofuata, nazo ni utungo wenyewe. Utangulizi umetokana na kutangulia, na kilichotangulia chaweza kuachwa njiani na safari ikaendelea. (Lugha ni makini vivyo hivyo katika shughuli: mkutano hufunguliwa, kitabu huzinduliwa, wala hapana anayezindua kikao cha kila mwezi.)

Tazama utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Hauanzi na Mola. Unaanza na mwito kwa binti asogee ausikilize wasia; mama anayataja maradhi yake, anaagiza wino na karatasi, kisha binti ndiye anayeamrishwa kuandika bismillahi. Anayeziita beti hizi utangulizi huzipita mbio ili ayafikie mawaidha, asitambue kwamba mawaidha yamekwisha kuanza. Dibaji imegeuzwa kuwa tendo la kwanza la utiifu, na somo la kwanza la mama limetolewa kabla hajalitangaza.

Kinyume chake ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Katika utangulizi wake mwandishi anamtofautisha Kinjeketile wa tamthilia na yule wa historia ya Vita vya Maji Maji. Kurasa hizo hazichezwi jukwaani. Hata hivyo tahakiki nyingi za wanafunzi huzinukuu kama ushahidi wa yaliyomo katika tamthilia, na nia iliyotangazwa na mwandishi ikachukua nafasi ya kile ambacho wahusika wanasema na kutenda. Kuziita dibaji ni kulipa kosa hilo kibali.